Uluguru si ngazi ya roketi

Tangu video za roketi zianze kufika kwenye kila simu, wataalamu wa anga wameongezeka Morogoro. Kuanzia Msamvu hadi Mzumbe hukosi mtu wa kukueleza roketi inavyoruka, na wengi hueleza kwa uhakika wa kupigia meza. Baadhi ya madai yao yana chembe ya ukweli, mengine hayana hata hiyo chembe. Hapa nimeyakusanya yale yanayorudiwa mno, yote yakihusu jambo moja: kasi ya roketi katika dakika za mwanzo, tangu injini ziwake mpaka hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini ya roketi, iachwe. Dai la mlima nimelisogeza mbele kidogo, maana hilo ni letu wenyewe.

"Roketi hutoka kama risasi."

Risasi hupata kasi yake yote ndani ya mtutu. Ikishatoka, kilichobaki ni kuipoteza. Roketi ni kinyume chake kabisa. Chukua Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX, ambayo ndiyo wengi wameiona ikirushwa. Ikiwa imejaa mafuta ina takribani tani 549, na injini zake 9 za chini husukuma kwa kilonyutoni 7,600 hivi. Nguvu hiyo inatisha mpaka ukumbuke kwamba kilonyutoni 5,400 kati ya hizo zinaishia kubeba uzito wa roketi yenyewe. Za kuongeza mwendo zinabaki 2,200 tu. Zigawanye kwa tani 549, unapata ongezeko la mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Baada ya sekunde 5 roketi inakwenda kilomita 72 kwa saa, mwendo wa basi la Dar ambalo ndiyo kwanza limetoka Msamvu na linaanza kuchanganya. Katika sekunde hizo 5 imepanda mita 50. Urefu wake ni mita 70. Haijamaliza hata kukipita kimo chake.

Saturn V iliyowapeleka watu mwezini ilikuwa nzito zaidi kuondoka. Ilikaribia tani 2,900, na ziada ya nguvu juu ya uzito wake ilikuwa ndogo kiasi kwamba iliongeza mita 2 tu kwa sekunde katika kila sekunde. Ilitumia zaidi ya sekunde 10 kuupita mnara uliosimama kando yake. Watu wakiangalia filamu za 1969 hudhani zimepunguzwa kasi. Nyingine kweli zimepunguzwa, lakini hata ile isiyoguswa inaonekana hivyohivyo: dude linanyanyuka taratibu, kama halijaamua.

Dhana ya risasi ina chimbuko lake, na simlaumu aliyenayo. Roketi ambayo vijana wengi wameigusa kwa mikono yao ni ile ya chupa. Unachukua chupa ya soda ya lita moja na nusu, unatia maji robo, unaziba mdomo kwa raba iliyopachikwa valvu ya tairi la baiskeli, unaisimamisha kichwa chini na kuanza kupampu. Raba inabana, inabana, kisha inaachia. Maji yote hutoka kabla hujamaliza kutamka neno, chupa inapita paa la darasa, na aliyeshika pampu analowa kuanzia kola hadi viatu. Chupa hiyo kweli hufanana na risasi: kasi yake kubwa kabisa ni palepale chini, na baada ya hapo inapungua tu hadi isimame juu na kugeuka. Mtu aliyejifunza roketi kwa chupa atadhani zote ziko hivyo. Roketi kubwa hutapika mafuta yake kwa dakika mbili na nusu, wala haimalizi yote pumzi moja.

Naongeza jambo moja kwa upande wa wapinzani wangu, nisije nikaonekana mkaidi. Zipo roketi za mafuta magumu ambazo huruka kwa kishindo zaidi. Scout ya Marekani, yenye kimo cha mita 23 hivi, ilisukumwa kwa nguvu inayozidi mara mbili uzito wake, kwa hiyo ilitoka jukwaani kwa haraka ambayo Saturn isingeiota. Hata hivyo nayo ilianzia sifuri na kupanda ngazi kwa ngazi. Scout tutakutana nayo tena, maana ilirushwa jirani.

"Roketi inasukuma ardhi ndipo ipande, ikifika pasipo hewa haina cha kusukuma."

Dai hili lina wazee wake. Tarehe 13 Januari 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli Robert Goddard, mwanafizikia wa Marekani, kwamba hajui hata kinachofundishwa sekondari, eti roketi ifanye kazi kwenye ombwe! Goddard alifariki 1945. Gazeti lilikuja kusahihisha kauli yake tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kwenda mwezini. Kwa hiyo kijana wa Kihonda anayesema hivyo leo ana wenzake wenye majina makubwa, lakini wote wamekosea.

Kinachoisukuma roketi ni kile inachokitupa. Gesi zinapotoka nyuma kwa kasi ya karibu kilomita 3 kwa sekunde, roketi inasukumwa mbele. Kanuni ya tatu ya Newton haidai ukuta wala sakafu. Unaweza kuhakikisha kwa chupa ileile: ipampu bila maji, kwa kanieneo ileile, uone itakavyoanguka karibu. Hewa ya nje haijabadilika, ardhi haijabadilika. Kilichopungua ni uzito wa kitu kinachotupwa. Na hewa ya nje si msaada hata kidogo, ni kizuizi kwenye mdomo wa injini. Injini zilezile 9 za Falcon zinazotoa kilonyutoni 7,600 usawa wa bahari hutoa zaidi ya 8,200 zikifika kwenye ombwe.

"Kasi inaongezeka sawasawa, ukijua ya dakika ya kwanza, zidisha tu."

Ukizidisha hivyo utapotea mbali. Dakika ya kwanza ikiisha, Falcon 9 inakwenda takribani kilomita 1,000 kwa saa. Dakika moja na nusu baadaye, hatua ya kwanza inapozimwa, inakwenda karibu kilomita 8,000 kwa saa. Dakika ya kwanza ilileta 1,000, hizo moja na nusu zikaleta 7,000. Hakuna injini iliyoongezwa njiani.

Kilichobadilika ni mzigo. Hatua ya kwanza huchoma karibu tani 400 za mafuta na oksijeni, zaidi ya tani 2 kila sekunde. Nguvu ni ileile, tena inakua kidogo hewa inapopungua, huku kinachosukumwa kikizidi kuwa chepesi. Nguvu iliyokuwa inahangaika na tani 549 inajikuta mwishoni inasukuma chini ya tani 200. Isitoshe, kadiri roketi inavyolala upande, mvutano wa dunia unapunguza sehemu unayoidai moja kwa moja kutoka kwenye mwendo. Mambo haya yote yanavuta upande mmoja, ndiyo maana mchoro wa kasi haunyooki kama rula. Unaanza umelala, kisha unajikunja kwenda juu.

Hesabu yake iliandikwa na Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule huko Kaluga, Urusi, akaichapisha 1903. Hakuwahi kurusha roketi hata moja. Walimu wanaolalamika kwamba hawana maabara wamkumbuke.

Ongezeko likiachwa lijiendee linaweza kuwaumiza watu na kuvunja mitambo. Kwenye Saturn V injini ya katikati kati ya zile 5 ilizimwa mapema, baada ya sekunde 135, ili wanaanga wasikandamizwe kupita mara 4 ya uzito wao. Roketi iliyotoka kwa kujikongoja ilihitaji kufungwa breki ya namna fulani dakika mbili tu baadaye.

"Katikati ya safari roketi hupunguza mwendo ili isivunjwe na hewa."

Hapa watu wamesikia kitu cha kweli wakakielewa vibaya. Kweli injini hupunguzwa nguvu. Zile kuu tatu za chombo cha Marekani cha Space Shuttle zilishushwa hadi karibu theluthi mbili ya nguvu zake kwa muda mfupi, kisha zikarudishwa juu baada ya dakika moja na ushei. Sababu ni kanieneo ya hewa mwilini mwa roketi, ambayo hukua kwa mraba wa kasi na hupungua hewa inapokuwa nyembamba. Chini hewa ni nzito lakini roketi iko taratibu. Juu sana roketi ina kasi lakini hewa imekwisha. Mahali fulani kati ya hapo, mara nyingi kilomita 11 hadi 14 juu, ndipo hewa inapoibana zaidi.

Lakini kupunguza nguvu na kupunguza mwendo ni vitu viwili. Dereva akilegeza mafuta wakati gari bado linachanganya, mshale wa spidi unaendelea kupanda, ila kwa uvivu zaidi. Kasi ya Shuttle haikushuka hata sekunde moja katika kipindi hicho.

Wapo waliosikia marekebisho hayo wakaruka upande wa pili: "Basi kasi ya roketi haipungui kamwe mpaka ifike." Nalo si kweli. Hatua ya kwanza inapozimwa na ya pili haijawaka, roketi hupanda bila msukumo, na kila sekunde ya kupanda bila msukumo ina gharama. Scout, yenye hatua nne, ilitumia ujanja huo kwa makusudi: baada ya hatua ya tatu kuzimika iliachwa ipande ikipoteza kasi, ndipo ya nne ikawashwa ikiwa juu na imelala sawa. Na kwenye Saturn V, hatua ya pili ilipowaka msukumo wake ulikuwa mdogo kuliko uzito iliokuwa inausukuma. Ungeisimamisha jukwaani isingenyanyuka hata inchi. Juu kule iliweza, kwa sababu ilikwishapewa kasi ya karibu mita 2,700 kwa sekunde na ilikuwa imelala. Haikuhitaji kujibeba yote.

"Lazima ifikishe kilomita 11.2 kwa sekunde ndipo itoke duniani."

Namba hiyo ni ya jiwe: kitu kilichorushwa mara moja kutoka ardhini kisisukumwe tena. Wanaanga wanaoishi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga wanazunguka kwa kilomita 7.7 hivi kwa sekunde, na hakuna anayesema hawajatoka.

"Roketi inatafuta kimo."

Kimo ni sehemu rahisi. Kituo hicho kiko kilomita 400 hivi juu. Kwa barabara ni Morogoro hadi Dodoma kisha nusu ya njia ya kurudi. Kazi ngumu ni kasi ya ulalo, ile ya kwenda upande. Ukipanda kilomita 400 wima bila kasi hiyo utaanguka palepale ulipotokea. Kwa kasi ya obiti ungetoka kilele cha Lupanga hadi Feri, Dar es Salaam, kwa sekunde kama 23.

Ndiyo maana roketi huanza kuinama mapema sana, mara tu baada ya kupita mnara wake, ingawa mtazamaji wa chini haoni. Kila sekunde inayosimama wima, mvutano wa dunia unaitoza mita 9.8 kwa sekunde za kasi ambayo mafuta yameshalipia. Tozo hilo kwa roketi kubwa hufika zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde kwa safari nzima. Hewa, ambayo kila mtu anaiogopa, hula takribani 100 au pungufu. Shikilia namba hizo mbili, maana ndizo zinazoua dai linalofuata.

"Tukiweka jukwaa juu ya Uluguru tutakuwa tumeshafika nusu ya njia."

Nalielewa linapotoka. Ukisimama uwanja wa Jamhuri ukatazama Lupanga, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, unaona kama anga inaanzia pale. Kimhandu, kusini zaidi, inapita mita 2,600. Mtu anajiuliza kwa nini tuanzie bondeni.

Tuanze na nishati. Kupandisha kilo moja hadi kilele cha Kimhandu kunagharimu kilojuli 25 na nusu hivi. Kuipa kilo hiyo kasi ya obiti kunagharimu zaidi ya kilojuli 30,000. Mlima wetu wote, tangu usawa wa bahari, haufiki sehemu moja katika elfu ya safari. Mvutano wa dunia kule juu ni uleule kwa hesabu yoyote ya maana, kwa hiyo lile tozo la mita 1,000 linabaki palepale. Unachopunguza ni hewa: kileleni ipo kama robo tatu ya ile ya pwani, injini zitapumua vizuri kidogo na msuguano utapungua. Faida ipo, nakubali. Lakini inatoka kwenye deni dogo, lile la mita 100, na huwezi kulifuta lote.

Kisha uniambie tani 500 zitapandishwaje kwenye njia ambazo wachuuzi wa ndizi na mboga hushuka nazo kwa miguu. Na msitu ule wa kileleni ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Maji yake huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam.

Bado sijagusa lililo kubwa. Chora mstari kutoka Morogoro mjini kuelekea mashariki barabara. Hauendi kushoto wala kulia: baada ya kilomita 180 hivi unatua Dar es Salaam, maana miji hiyo miwili iko karibu latitudo ileile. Njiani kuna Ngerengere, kuna Kibaha. Dakika za mwanzo, tulizoona kwamba roketi ni nzito, imejaa mafuta na bado iko taratibu, ndizo ingepitia juu ya vichwa vya watu wa huko. Na hatua ya kwanza ikishaachwa haiyeyuki. Ni lazima iangukie mahali. Tarehe 15 Februari 1996, huko Xichang, China, roketi ya Long March 3B ilipinda mara tu baada ya kuondoka na kulipuka karibu na makazi ya watu, ikaua. Ilikuwa sekunde za mwanzo, kabla haijawa na kasi ya kufika popote pa mbali.

Watasema Zaire ilirusha kutoka bara, tena juu ya uwanda wa mlima. Kweli. Kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilijaribu roketi zake jimboni Shaba mwaka 1977 na 1978. Ya tatu, Juni 1978, ilishindwa mbele ya Rais Mobutu mwenyewe, na mwaka uliofuata kampuni ikaambiwa ifungashe. Hakuna iliyofika kwenye obiti. Ila angalia walichokodi: eneo la takribani kilomita za mraba 100,000. Mkoa mzima wa Morogoro, na Kilosa yake na Malinyi yake, una kama 70,000. Hawakukodi yote hayo kwa ajili ya kusimamisha jukwaa. Walikodi mahali pa vitu kuangukia.

"Lakini sisi tuko karibu na ikweta, kasi tunayo ya bure."

Hili ndilo dai zuri kuliko yote, na linahitaji kupunguzwa tu, si kukataliwa. Roketi iliyosimama jukwaani haiko sifuri. Inazunguka pamoja na dunia. Kwenye ikweta kasi hiyo ni mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki. Morogoro, karibu nyuzi 7 kusini, ni 462. Cape Canaveral, Marekani, ni 408 hivi. Baikonur, Kazakhstan, ni 323. Tunawazidi Wamarekani kwa mita 54 kwa sekunde, na tofauti hiyo huongeza kilo za mzigo, haibezwi. Lakini obiti inadai 7,800, bila kuhesabu tozo. Anayerusha kuelekea ncha za dunia hapati faida hiyo hata kidogo.

Waitaliano waliipima vizuri. Chini ya Luigi Broglio, profesa wa Roma, walisimamisha majukwaa baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Moja, San Marco, lilikuwa la kurushia; jingine, Santa Rita, la kuongozea. Setilaiti ya San Marco 2 iliondoka pale tarehe 26 Aprili 1967, na hadi 1988 zilirushwa setilaiti 9, zote kwa Scout. Maarufu zaidi iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, nayo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyojengwa mahsusi kupima miale ya eksirei kutoka kwenye nyota.

Faida ya Ngomeni haikuwa mita 464 za kasi ya bure peke yake. Uhuru ilitakiwa izunguke juu ya ikweta yenyewe, ikwepe ukanda wa mnururisho ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, na ukirushia Florida kuipinda obiti hadi huko kunakula mafuta ambayo roketi ndogo haina. Jambo la pili lilikuwa Bahari ya Hindi. Upande wa mashariki wa jukwaa hakuna kijiji wala mji. Ganda la kwanza la Scout lilizama bila kumgusa mtu.

Mwenye ndoto ya Uluguru akishalitambua hilo huhamisha jukwaa lake hadi Mafia au Lindi, na hapo sina ugomvi naye juu ya fizikia. Atakachogombana nacho ni soko. Scout ya mwisho kutoka Ngomeni iliondoka tarehe 25 Machi 1988, na roketi yenyewe ilistaafishwa 1994, baada ya kubwa zaidi kuanza kubeba mizigo mingi kwa mara moja. Kituo cha Malindi bado kinafanya kazi: kinafuatilia setilaiti na kupokea taarifa zake.